Mama mkwe alinituma nimchunguzie kura za mbunge wetu bungeni, nikaishia kusimamishwa mbele yake

Wakuu, shikamooni mnaostahili, na wengine hamjambo.

Niliyoyaona nayaleta kama yalivyo. Mwenye sukari mkononi airudishe kabatini, leo sijapika chai. Majina nimebadilisha, na jimbo silitaji, kwa sababu bado naishi Mtwara na bado nakula kwa mama mkwe.

Kwanza mnijue kidogo. Mimi ni mtu wa Njombe. Nilikuja huku kufundisha Uraia sekondari, nikaoa huku huku, nikajenga Magomeni ya hapa hapa Mtwara. Nina digrii ya political science. Siitaji kwa kujisifu. Naitaja kwa sababu ndiyo iliyoniponza.

Mama mkwe wangu, Bi Somoe, anakaa kijiji cha pwani, upande wa Mnazi Bay. Ana mikorosho na muhogo, lakini jiko lake linategemea pweza. Maji yakipwa, yeye na wenzake wanatembea kwa miguu mpaka mwambani, ndoo mkono mmoja, fimbo mkono mwingine, wanachokoa pweza kwenye mashimo. Hawana chombo wala wavu.

Sasa kukawa na muswada unakwenda bungeni. Ndani yake kulikuwa na kifungu kwamba kila anayevua awe na leseni, hata anayevua kwa miguu.

Nikamsomea Bi Somoe kwenye simu yangu, nikijiona balozi.

"Leseni ya kutembea?" akauliza.

"Ya kuvua, mama."

"Mie navua kwa fimbo. Na fimbo nayo itakatiwa bima?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa anaitazama ile ndoo yake pembeni ya mlango.

"Wewe si umesoma mambo ya serikali? Niangalizie. Huyu Nheshimiwa wetu, mambo kama haya yakija, huwa anakubali au anakataa?"

(Huku kwetu herufi ya M hupumzika sana mbele ya konsonanti, N ikashika zamu. Mtazoea.)

Nikamjibu, "Mama, hiyo ni kazi ndogo sana."

Wakuu, mama mkwe asikusikie hata siku moja ukisema hivyo.

Nikakaa na Hansard, kumbukumbu rasmi za bunge. Nikasoma mpaka mke wangu Zainabu akaniuliza kama nimeanza masomo mengine. Nilichokipata ni kwamba hakuna cha kupata. Ukiacha bajeti, ambako wanaitwa jina kwa jina, sehemu kubwa ya kura za bungeni ni za sauti. Wanaoafiki waseme ndiyo, wasioafiki waseme siyo, kiti cha Spika kinasikiliza, kinasema nafikiri walioafiki wameshinda, basi. Nani alisema nini, hakuna anayeandika.

Michango yake niliiona. Anasimama, anasema "naunga mkono hoja", halafu ndiyo anaanza kuilalamikia hoja yenyewe, barabara, maji, halafu anamalizia "naunga mkono hoja". Ni kama mgeni anayesema "nimeshiba, asanteni" kabla sinia halijafika, kisha anakula.

Badala ya kurudi kwa mama mkwe na jibu la kiungwana, nikapita kijiweni kwenye kahawa. Pale nikatoa mhadhara. Nilisema, na nanukuu upuuzi wangu mwenyewe, "Mbunge wetu si mwimbaji, ni kibwagizo."

Watu walicheka sana. Nilifurahi. Sikujua kwamba kicheko cha Magomeni kina miguu.

Haikupita muda Mjomba Selemani akapiga simu. Huyu ni mjomba wa mke wangu, na ni mwenyekiti wa kile kijiji cha Bi Somoe. Kwa Wamakonde mjomba akipiga simu, unasimama hata kama yuko mbali.

"Mkwe, Mheshimiwa anakuja kufanya mkutano. Amesema kibwagizo anamtaka mwimbaji wake aje."

Zainabu alinitazama. "Hivi ulisema nini hasa?"

Nikamwambia.

"Basi piga shati pasi. Kama ni kuaibika, uaibike ukiwa nadhifu."

Naona mkuu mmoja ameshatangulia kuuliza jimbo gani. Nimesema silitaji. Tulia usome.

Mkutano ulifanyika kwenye ghala la korosho la chama cha msingi. Ambao hamjawahi kufika huku, niwaeleze kinachofanyika pale msimu wa mnada. Bahasha za wanunuzi zinafunguliwa, bei zinasomwa, wakulima wanaulizwa. Bei isipowaridhisha, ghala zima linasema "Hatuuzi!" na kila mtu anakwenda kwake. Nimeona wanunuzi wenye viatu vya kung'aa wakitoka pale wameinama.

Mheshimiwa akaingia na kicheko chake. Ni mtu mnene, mcheshi, huwezi kumchukia ukiwa karibu naye, ndiyo maana mimi humchukia nikiwa Magomeni.

"Yuko wapi mwalimu wangu?"

Nikasimama.

"Karibu, mwalimu. Usiogope, leo hakuna fimbo. Nasikia mimi kila kitu ni Ndiyo. Sasa kura za sauti hazina majina. Wewe ulinisikiaje kutoka Magomeni? Una masikio ya sungura?"

Ghala likacheka. Digrii yangu ilikaa chini kabla yangu.

Hapo Bi Somoe akainuka na fimbo yake.

"Mwache nkwe wangu, Nheshimiwa. Ni ntu wa milimani, huku kwetu hata pweza anankimbia. Kama kura zako hazina jina, basi piga hapa, sisi tuisikie sauti yako. Tukiijua, tutakusikiliza wenyewe."

"Tupige sasa hivi!" Mheshimiwa akasema, amefurahi kama mtoto aliyeambiwa kuna ngoma.

Mjomba Selemani naye hakusubiri kuombwa. Akavuta kiti, mtu akamtupia kitenge mabegani kiwe joho la Spika, sauti yake ikashuka mpaka tumboni.

"Waheshimiwa, hoja ya kwanza. Wageni wapewe madafu. Wanaoafiki waseme ndiyo."

"Ndiyoooo!"

Na kweli, ya Mheshimiwa ilisikika peke yake. Ndiyo yake ina mkia. Inapanda, inapanda, halafu mwishoni inapasuka kama jogoo anayejifunza kuwika. Wanawake wakatazamana.

"Hoja ya pili. Wanaokwenda mwambani kwa miguu wasisumbuliwe. Wanaoafiki?"

"Ndiyoooo!" Mkia ukapanda hadi kwenye mabati.

Mjomba hakubadilisha uso wala sauti, hakuvuta hata pumzi.

"Hoja ya tatu. Mheshimiwa wetu asirudi tena bungeni. Wanaoafiki waseme ndiyo."

Wakuu, ghala zima lilinyamaza. Hakuna aliyethubutu.

"Ndiyoooo!"

Peke yake. Na mkia.

Mjomba akagonga meza: "Nafikiri walioafiki wameshinda!"

Sijawahi kuona kitu kama kile. Wanawake walianguka juu ya magunia. Vigelegele vilipigwa na watu waliokuwa hawana pumzi ya kuvipiga. Dereva wa Mheshimiwa alitoka nje akaenda kulilalia gari lake. Mimi nilikuwa nalia machozi, na nusu yake yalikuwa ya woga, maana nilikuwa nautazama uso wa Mheshimiwa.

Akamtazama Mjomba. Akanitazama mimi. Halafu tumbo likaanza kutikisika, likafuata bega, akacheka mpaka akavua miwani.

"Mmeniua," akasema. "Mwalimu, kibwagizo ni mimi. Nakiri."

Aliyekuwa hacheki ni mtu mmoja. Bi Somoe alisogea mpaka mbele yake.

"Mwanangu, hoja hukuisikia."

"Sikuisikia, mama."

"Ile yetu ya leseni ikija, utaisikia? Maana sie hatuna cha pili. Nkitufunga mwambani, ntufunge na jikoni."

Mheshimiwa akavaa miwani.

"Nitaisikia."

"Utasema nini?"

"Siyo."

"Sikusikii."

"Siyo!"

"Baba, huku tukikataa nnadani, mpita njia anasikia. Hebu tena."

Basi mwakilishi wa wananchi akaanza kufundishwa kukataa. Ghala zima lilikuwa linampokea: Siyo! Siyooo! Mimi nikawekwa mbele nipunge mikono kama mwalimu wa kwaya. Miaka yote nafundisha Uraia na sijawahi kupata darasa lenye nidhamu namna ile.

Tumo katika kucheka hivyo, Mjomba akatupa moja ya mwisho. "Hoja ya kufunga. Siku ya muswada, mwalimu alete TV yake hapa ghalani. Wanaoafiki?"

"Ndiyoooo!" nikaitika, mikono juu, kwa furaha yote.

Mnaona?

Siku ikafika. TV yangu ilisafiri kwa bajaji kutoka Magomeni, bado imevaa kitambaa chake cha kufuma. Ghala lilijaa. Wanawake walikuja na ndoo zao kabisa, kwa sababu siku hiyo maji yalikuwa yanapwa mchana.

Kifungu chetu kikafika. Mheshimiwa akapewa nafasi, akasimama. Tukasubiri "naunga mkono hoja". Haikuja. Akasema wapo wapiga kura wake wanaovua kwa kutembea, hawana chombo, chombo chao ni nyayo, akaomba waachwe. Akakaa. Mjomba akaniminya mkono mpaka pete ikaniumiza.

Waziri akajibu kwamba wanaokwenda kwa miguu atawatazama kwenye kanuni, kifungu kibaki kilivyo. Mwenyekiti wa kikao cha bunge akawahoji wabunge.

Wanaoafiki: "Ndiyoooo!" Dodoma nzima, kama bati linaloezuliwa. Nikautafuta ule mkia ndani yake. Sikuusikia. Lakini kelele zilikuwa nyingi.

Wasioafiki?

Kamera ilikuwa kwa mwenyekiti, hatumuoni mtu wetu. Bi Somoe alikuwa ameuma pindo la khanga.

"Siyoooo!"

Ikapanda, ikapanda, ikapasuka.

"Ni yeye!" Bi Somoe akaruka. "Ni yeye! Nkia ule!"

Tulisikia wabunge wakicheka. Mwenyekiti alisema nafikiri walioafiki wameshinda, lakini pale ghalani aliyemsikia ni mimi tu, kwa sababu wengine walikuwa wanashangilia kama bao la dakika ya mwisho. Mjomba alikuwa amejifunga kile kitambaa cha TV kichwani, anacheza.

Na mimi, kwa sababu nimesoma, nikaona ni wajibu wangu kuharibu sherehe.

"Mama, tumeshindwa. Kifungu kimepita."

Akanitazama kwa huruma.

"Mwanangu, nnadani tukikataa leo, bei inapanda leo leo?"

"Hapana, mama."

"Inapanda lini?"

"Mnada unaofuata. Pengine."

"Ehe. Lakini wakirudi wanajua tunakataa."

Akachukua ndoo na fimbo, akawaita wenzake, wakaondoka kuelekea mwambani. Maji yalikuwa yameshapwa.

Kanuni za waziri mpaka leo hazijatoka, tunazisubiri. Bi Somoe bado anachokoa pweza. Mheshimiwa humpigia simu, na mara zote nikiwepo namsikia mama akimwambia, "Hebu sema kidogo nisikie kama haijapotea."

Nilichojifunza, wakuu: kura ya sauti haina jina, lakini ina sauti, na sauti ya mtu wako unaweza kuijua ukimsogelea. Mimi nilimsema kijiweni, hakubadilika hata nukta. Mama mkwe alimsemesha uso kwa uso, akamfundisha neno jipya.

Wa majimbo mengine, wa kwenu Ndiyo yake ina mkia gani? Umewahi kumsikia akisema ile nyingine? Shusheni hapa, nasoma zote.

Nasomea kwenye simu, maana TV bado iko ghalani. Niliomba irudishwe. Mjomba akaipeleka hoja kwa wananchi, na wakuu, hapo hapakuwa na haja ya kutega sikio.

Wasioafiki walishinda.