Bega Langu Kwenye Utando wa Kamba

Siku ile ofisi yetu ilifungwa ili tukafundishwe kuaminiana. Sisi ni watu wa kutoa mizigo bandarini; kwetu, kumwamini mwenzako ni kuikagua kazi yake mara ya pili asipokuona. Lakini mkubwa wetu alikuwa amesikia sifa za mafunzo ya kamba, basi akatupeleka uwanja mmoja karibu na Tononoka. Mama mmoja wa bara, filimbi shingoni, akatupokea kwa bashasha ambayo sikuwa na haja nayo asubuhi ile.

Nilikuwa na kinyongo, sifichi. Meza ninayokalia ofisini ilikuwa ya kaka yangu. Alifariki alfajiri, akazikwa alasiri ya siku hiyo hiyo kama ilivyo desturi yetu, nami niko Uarabuni nahangaikia tikiti. Nilipofika nyumbani Mji wa Kale, majirani walikuwa wakikunja majamvi. Wanaume hawa wenzangu wote walilibeba jeneza lake. Mimi, damu yake, sikuweka bega. Tangu hapo kila nikikaa kwenye kiti chake nahisi yuko nyuma yangu, anangoja tu. Na wale waliombeba niliwaonea wivu, wivu mbaya wa kunikosesha usingizi.

Wanawake walipewa kamba zao upande wa pili wa uwanja, maana habari ya kushikanashikana na wanaume haikuwa na mjadala. Kamba zetu zilifungwa baina ya miarobaini miwili, zimesukwa kama wavu wenye matundu makubwa. Kazi ilikuwa kumpitisha kila mtu kwenye tundu lake bila kugusa kamba. Wembamba walipita kwa vicheko. Mwishoni ikafika zamu ya bwana wa stoo, rafiki mkubwa wa kaka yangu, mtu wa mwili hasa, na tundu lililobaki lilikuwa la juu, usawa wa mabega.

"Mtanivunda kiuno!" akalalamika kwa Kimvita chake. "Mimi si gunia la mtele!"

Tukamlaza mikononi, tukamwinua, tukampenyeza, na waliokuwa ng'ambo ya kamba wakampokea mabegani. Hapo ndipo mchezo ulipoharibika. Wanaume wa Mombasa wakishamweka mtu mabegani, miguu yao inajua njia moja tu. Wakaanza kutembea, wa mbele wakiwapisha wa nyuma, kila mmoja akitaka thawabu ya hatua chache. Karani mkuu, bila ya kujijua, akatoa sauti ndogo: "La ilaha illa Llah." Wengine wakaitikia.

Mama wa filimbi alikuwa anapiga makofi. "Mmeweza! Mshusheni sasa!"

Hakuna aliyemshusha. Nilibaki nyuma ya kamba, nikitazama kitu ambacho sikuwahi kukiona: hivi ndivyo kaka yangu alivyokwenda. Kwa mwendo huu, kwa mabega haya haya. Nikaogopa, na juu ya kuogopa nikakimbia kuwafuata. Nilipita katikati ya kamba nikazigusa zote, filimbi ikalia, sikujali. Mtu mmoja aliniona, akatoa bega lake, akanipisha kama anavyopishwa mfiwa.

Nikaweka bega. Yule tuliyembeba alikuwa mzito, nami nikashukuru kwamba ni mzito. Nililia waziwazi, mtu mzima na raba zangu mpya, na hakuna aliyenitazama. Bwana wa stoo, ambaye hanyamazi hata akila, alikuwa amefumba macho na kunyoosha mikono ubavuni. Hakuwa anafanya mzaha.

Tulipokaribia lango la uwanja akafungua macho.

"Ushamtukua nduguyo mabegani," akaniambia polepole. "Sasa nteremsheni."

"Bado," nikamjibu. "Mpaka nje ya lango."

Akafumba macho tena.