Mafuta Yaliyo Ndani ya Moyo

"Ukichemsha moyo wa ng'ombe, mafuta yanaelea juu ya mchuzi. Nani aliyatia humo, kama mafuta ni adui wa moyo?"

Bibi aliniuliza hivyo jikoni kwake Heru Juu, nikiwa likizo ya mwaka wa pili wa chuo kikuu. Nilisoma bayokemia, na nilizoea kuuliza, si kuulizwa. Nilijua kuchora utando wa seli, na kwamba utando huo ni mafuta. Moyo unayafanyia nini, hilo halikuwa kwenye mtihani. Nikajifanya nakoroga uji.

Mwezi mmoja kabla, daktari mjini Kasulu alikuwa amemwambia Bibi kwamba moyo wake umechoka, apunguze chumvi na mafuta. Mama yangu, mwalimu anayeshika kila agizo kama mtaala, alibeba dumu la mawese akalificha kwa jirani. Karanga nazo zikahama. Sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, ikaanza kupikwa kwa maji matupu.

Bibi hakuogopa kufa. Alihofia maharage. Mvua zilikaribia, na tangu aolewe hakuna mwingine aliyewahi kupanda shamba lake la mlimani. Sasa akifika migombani anatafuta pa kukaa, na miguu imevimba hata kandambili haziingii.

"Sombe hii umempikia mtu au mbuzi?" alimwuliza mama.

"Daktari ndiye kasema, mama."

"Daktari kaionja?"

Niliionja mimi. Ilikuwa chumvi tupu. Mama, kwa huruma, alikuwa akiongeza chumvi na migebuka, samaki wa ziwani waliokaushwa kwa chumvi, ili kuziba pengo la mawese. Kwetu mtu akinyimwa mawese, ulimi lazima ufidiwe.

"Chumvi hii ndiyo inayomvimbisha," nikasema.

"Msomi, kaa ule," mama akasema.

Sikukaa. Siku ya pili tulimpeleka Bibi mjini kwa bodaboda mbili, yeye na mama mbele, mimi nyuma nikila vumbi lao. Daktari, kijana wa Pwani, aliikagua miguu ya Bibi, akasikia habari za kandambili, kisha akauliza alikula nini jana. Mama akataja kila kitu kwa fahari, migebuka ikiwamo. Daktari akaweka kalamu chini.

"Mawese nilisema mpunguze, mama. Chumvi ndiyo iliyonitia hofu. Maji huifuata."

"Ushahidi uko wapi?" nikauliza.

Akamgeukia Bibi. "Mjukuu wako anahoji kama afisa wa mpakani Manyovu."

"Nyumbani ni zaidi," Bibi akasema.

"Basi acheni migebuka wiki mbili, kisha mjaribu kandambili. Ushahidi utakuwa miguuni."

Aliongeza pia kidonge cha kupunguza maji mwilini, kwa hiyo mpaka leo siwezi kuapa kipi kilifanya kazi. Dumu lilirudi, kijiko kimoja tu kwa chungu. Karanga zikarudi. Chumvi ikapanda juu ya kabati. Siku ya kumi na moja kandambili ziliingia, na Bibi akazivaa hata kitandani ili mama azione.

Mvua ziliponyesha alipanda mistari minne, akipumzika kwenye kigoda. Iliyobaki nilipanda mimi, naye akifukua mbegu zangu na kuzipanga upya.

Sasa nafundisha Kibondo. Juzi juzi tu, nikiandaa somo, ndipo nilipolipata jibu. Yale mafuta yanayoelea mengi ni ya nje ya moyo. Ya ndani hayaonekani: ndani ya kila seli ya moyo kuna vijimashine vinavyozalisha nguvu ya kila pigo, na utando wa vijimashine hivyo una aina ya mafuta ambayo mara ya kwanza ilipatikana katika moyo wa ng'ombe. Yakiharibika, moyo hulegea. Kila chembe yake ina mikia minne, na katika moyo wa binadamu wenye afya mikia hiyo mingi ni ya mafuta ambayo mwili hauwezi kujitengenezea. Lazima yaliwe. Mawese yanayo kidogo. Karanga zile zilizohamishiwa kwa jirani zinayo zaidi.

Ng'ombe aliyatoa kwenye majani, Bibi. Wewe uliyatoa chunguni.