Karatasi ya bombo

Mi niko kinyozi kule Nguba, na kila vakansi, masomo ikifungwa, ndugu yangu anakuyaka kukaa ku kiti yangu nimunyoe. Ni mutoto wa baba mudogo, anasoma udaktari ku université. Ile kichwa yake naishika na mikono mbili, na kila mara nawaza: hii njo kichwa ilikula fasi yangu. Kisha nasema, "Inamisha kidogo, docteur," na nasukuma kwa nguvu kupita vile inaomba.

Tulikulia mu nyumba moja, kwa papa yangu. Yeye alitoka Luberizi na miaka nane, sawa na mimi, nyuma ya baba yake kufa. Mama yake alibakia kule mu mashamba ya mupunga na mutoto mudogo mwanamuke. Kupata ndugu wa kucheza naye kulinifurahisha siku mbili. Siku ya tatu papa akaanza kutuuliza masomo pamoja.

Papa alikuwa karani. Akitoka ku bureau, mbele ya kula, anatusimamisha sisi wawili mbele ya kiti yake. Mu mufuko ya abacost, ile koti yake ya kazi, alikuwaka na bombo, pipi za kufungwa mu karatasi. Swali moja ya kuzidisha, na Kifaransa, bombo moja, kwa ule anajibu wa kwanza. Anaingiza mukono, karatasi inalia kra-kra, na mi mate ishajaa mu kinywa, swali yenyewe haiyatoka.

"Citoyens! Neuf fois six?"

"Cinquante-quatre!" Ni yeye.

"Six fois sept?"

"Quarante-deux!" Ni yeye tena.

"Papa," nikasema, "uliza basi fasi gani banauzisha mandazi ya moto. Ile najua."

"Wewe, kama mudomo yako ingekuwa na diplôme, saa hii uko ministre."

Bote banacheka, mi pia nacheka, lakini bombo inaenda kwake. Na hata hakukuwaka anacheka akiipokea. Anaweka mu mufuko, anasema "Asante, papa." Papa yangu! Ile "papa" ilikuwaka inaniuma kupita bombo.

Siku moja alikuwa anakohoa. Papa akauliza huit fois sept, nane mara saba. Mi nikatupa tu jibu, kama mutu anatupa jiwe ku muti bila kutazama: "Cinquante-six!" Papa akaingiza mukono mu mufuko. Kisha bombo ikaanguka mu mukono yangu, nyekundu. Mpaka leo nakumbuka ile siku yote: harufu ya maharagi, kifungo moja ilikosa ku abacost, mukono ya papa vile ilikuwa na wino. Hesabu zingine zote papa alitufundisha zilinitoroka. Ile moja tu ilibakia, imekaa kama mwenye nyumba.

Tulipofika mu sixième, mwaka ya sita, papa akatuita. "Ku internat, masomo ya kulala kulekule, balinibakishia fasi moja. Moja tu. Mwisho wa mwezi, ule anajibu muzuri njo ataenda."

Nilikuwa naitaka ile fasi sana. Nikawaza: huyu anasoma juu ya bombo. Basi nimushibishe bombo, atachoka kuzitaka. Mi nilijijua, nikila kumi hata mama akinipa ya kumi na moja, nakimbia. Karton ya bombo ya papa ilikuwa chini ya kitanda yake. Nikaanza kuiba: tatu kila siku, mara zingine ine.

"Kamata, ndugu yangu."

"Juu ya nini unanipa?"

"Juu nakupenda."

Mungu anisamehe. Na kumbe ule mutu ndiyo anaongeza kusoma! Anasoma ku robinet ya maji, anasoma akichambua mboga, mpaka mama anamwambia apumuzike.

Siku moja nilitafuta kiatu yangu chini ya kitanda ya ndugu yangu, nikakuta kopo ya maziwa. Nikaifungua. Bombo, mpaka juu. Hakuna hata moja ilivuliwa karatasi.

"Hukukula hata moja?"

"Ni za mudogo wangu kule Luberizi. Kopo ikijaa, mama yangu wa kule anakuya kuichukua. Nilihesabu itajaa ku Noeli. Na zile unanipa, itajaa mbele ya Noeli." Akanishika bega. "Asante, ndugu."

Nilikuwa natia mafuta mu moteur yake, mi mwenyewe! Na badala ya kuona haya, nikaonea wivu ile kopo. Yeye alikuwa anakimbilia mudogo wake, mi mbio yangu yote ilikuwaka inaishia ku ulimi.

Siku ya Mungu ya mwisho ya ile mwezi, nyuma ya misa, papa akasema ni yeye ataenda. "Muzuri," nikasema, "mi nitabakia kuchunga abacost." Bote bakacheka. Nikaenda nyuma ya jikoni, sikucheka.

Vakansi hii amekaa ku kiti yangu, kitambaa ku shingo, anaanza kunisomesha.

"Mu bongo muko kitu inaitwa dopamine. Ukipata kitu hukuingojea, inaruka, na bongo inashika muzuri ile siku. Ukizoea, haingoje tena bombo. Inaruka ukisikia karatasi tu. Inakusukuma utake."

"Usitingizike, nitakata sikio."

"Wewe ulikuwa na akili kunipita. Papa aliniambia."

Mukasi ikasimama. "Alikuambia wewe? Juu ya nini hakuniambia mimi?"

Akaingiza mukono chini ya kitambaa, mu mufuko. Kra-kra. Mate ikajaa mu kinywa, mi mutu muzima, na ndevu.

"Huit fois sept?"

"Cinquante-six," nikasema, mukono yangu ishafunguka.

Ilikuwa nyekundu. Nikavua karatasi, nikaitia mu kinywa, nikaendelea kumunyoa. Upande wa nyuma nilimuachia mustari moja mubaya. Hajaiona mpaka leo.