Mahameli Kwenye Kliniki ya Sukari

Mama ameniruhusu kuyaandika haya kwa sharti moja: nisiwafiche wasomaji kwamba mpumbavu wa kisa hiki ni mimi. Nilimwambia asiwe na wasiwasi, mtu akisoma ukurasa mmoja tu ataligundua mwenyewe.

Kazi yangu ni kupamba nyumba. Hapa Malindi kazi hiyo imenilea vizuri, kwa kuwa wapo watu wenye majumba makubwa wanayokuja kuyakalia miezi miwili kwa mwaka, nao hupenda kuambiwa mto wa manjano uwekwe wapi. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwaambia. Nilikuwa na namna yangu ya kusimama mlangoni mwa chumba, kichwa nimekiinamisha upande, jicho moja nimelifumba, nisiseme neno mpaka mwenye nyumba aanze kutokwa na jasho. Kisha nasema kwa sauti ya chini, "Hapa pamekosa utulivu." Hakuna chumba ambacho hakijakosa utulivu, kwa hiyo sikuwahi kukosea.

Mama ana sukari na presha. Jumanne moja ya kila mwezi alikuwa akienda kliniki ndogo isiyo mbali na kwetu, apimwe, apewe dawa, arudi. Halafu akaacha. Mwezi wa kwanza alisema ana mgeni. Mwezi wa pili alisema ana nguo za kufua, mwanamke ambaye nguo zake hufuliwa na mke wangu. Mwezi wa tatu nikamkuta anakata vidonge nusu kwa kisu cha jikoni ili visimwishie. Daktari alikuwa ameshatwambia figo zake zataka kuangaliwa kwa makini, na asikose hata mara moja. Niliogopa. Nilimkalisha kitako nikamuuliza kwa nini haendi.

"Benchi la pale gumu, mwanangu," akasema bila kunitazama. "Laniumiza mgongo."

Mwana mwingine angempelekea mto wa kukalia. Mimi niliusikia wito.

Kesho yake nilikwenda kliniki. Chumba cha kungojea kilikuwa na mabenchi marefu ya mbao yaliyozunguka kuta. Wagonjwa walikaa kwa zamu: wa mwanzo akiingia kwa daktari, wote wanasogea nafasi moja, hivi kwamba mbao zilikuwa zimelainika kwa makalio ya watu. Ukutani kulikuwa na picha za nyayo zenye vidonda, kubwa, za rangi. Nikasimama mlangoni, nikainamisha kichwa, nikafumba jicho.

"Wagonjwa wa macho ni Alhamisi," akasema sista mkuu, mama mmoja wa Rabai mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde.

Nikamweleza mimi ni nani. Haikumsaidia, ikabidi nieleze tena. Nikamwambia nitakitengeneza chumba kile bure, kwa ajili ya mama yangu na wenzake, watu wanaoumwa maisha yao yote wana haki ya kukaa mahali pazuri. Hilo lilimgusa. Akakubali, ila akasema yapo mambo machache ya kuzingatia kuhusu wagonjwa wa sukari. Nikamwambia asijali, mimi nimepamba nyumba za watu wagumu zaidi. Akaenda likizo kwao, na kumwachia mtu kama mimi funguo ndilo kosa pekee alilolifanya katika kisa hiki.

Mabenchi niliyatupa stoo. Nikatandika zulia zito jekundu, ukuta kwa ukuta. Upande mmoja nikapanga mito mikubwa ya kukalia chini, kama tunavyopokea wageni nyumbani. Upande wa pili nikaweka viti vya mahameli vya rangi ya komamanga, vyenye sponji ambayo ukikaa unazama mpaka unasahau ulichojia. Zile picha za nyayo nilizibandua haraka, nikatundika picha za bahari. Pembeni nikaweka chetezo, na Jumanne ilipofika nikafukiza udi kabla ya mlango kufunguliwa. Halafu nikarudi nyumbani kumchukua Mama.

"Nimekutengenezea wewe," nikamwambia. Alinitazama kwa muda, akaenda kuvaa buibui.

Tulipofika, mlangoni palikuwa na rundo la viatu kama msikitini siku ya Ijumaa. Sandali, malapa, raba, viatu vya ngozi vya wazee, vyote vimevuliwa kwa adabu na kupangwa ukutani. Nani wa pwani hii, awe wa Mambrui au wa Magarini ndani kabisa, atakayelikanyaga zulia kwa viatu? Mtoto anayetambaa hulijua hilo. Niliwaona wagonjwa wamo ndani, miguu mitupu, wanacheka, wananisifu. Nikafurahi mpaka nikaona haya. Hata mimi nilikuwa nishavua vyangu bila kufikiri.

Sista mkuu, aliyekuwa amerudi kutoka likizo asubuhi ileile, alitoka ndani akiwa na faili mkononi. Aliangalia miguu. Akaangalia ukutani, zilipokuwa zile picha.

"Nani amewavua viatu wagonjwa wangu?"

Nilijifunza siku ile, mbele ya watu wote, kile ambacho yeye alikuwa akikifundisha kila mwezi kwa miaka: mgonjwa wa sukari hatembei peku, hata chumbani mwake, kwa kuwa mguu wake unaweza kufa ganzi, ukachomwa na asihisi, na kidonda kidogo kikamla mguu. Picha nilizozibandua ndizo zilizokuwa zikisema hivyo. Akaamuru kila mtu avae viatu.

Hakuna aliyevaa. Mzee mmoja aliyetoka shambani Kakuyuni alisimama kwa niaba ya wenzake. "Sista, mimi nakuheshimu. Lakini nilikanyage zulia hili na viatu vyenye tope? Mimi nimelelewa."

Wengine wakaitikia. Sista akasisitiza, wao wakakataa kwa upole, na mwishowe walipatana: wagonjwa wote walivaa viatu wakatoka kusimama nje juani, zulia likabaki peke yake ndani kama mgeni rasmi.

Mimi na bawabu wa kliniki tulilikunja. Lilikuwa zito, nami nilikuwa nimelibandika kwa gundi nzuri, sikuwahi kujutia ubora wa gundi kama siku ile. Kabla ya hapo tulilazimika kuwainua waliokuwa wameketi kwenye mito ya chini. Kwenda chini walikwenda, magoti ya kuwarudisha juu hawakuwa nayo. Bibi mmoja alinishika shingo, mimi nikamshika viwiko, sote wawili tukaangukia tena ule mto wa kukalia kwa pamoja. Aliniombea dua huku tukijaribu mara ya pili. Wakati huohuo wenye pumu walikuwa wakikohoa, na sista akakibeba chetezo mkono umenyooshwa, kama mtu aliyeshika panya kwa mkia, akakitupa uani.

Nilibaki na viti vya mahameli. Navyo, nashukuru, vilipendwa. Watu walirudi wakaketi, viatu miguuni, sakafu ya saruji chini yao, wakasema kweli hivi viti vina raha. Uso ulianza kunirudi. Ndipo nilipomwona Mama amesimama ukutani.

"Mama, keti."

"Nipo sawa."

Wakaitwa watu, wakaingia, viti vikabaki wazi, yeye bado amesimama. Miguu yake huvimba, niliiona ilivyobana kwenye viatu. Mgonjwa mmoja akamwachia kiti, Mama akamshukuru, asikae. Watu wakaanza kunitazama mimi. Hapo hasira ikanipanda. Nilikuwa nimefedheheka kwa zulia, kwa mito na kwa udi, na sasa mama yangu mzazi, niliyemfanyia kazi yote ile, alikuwa akikikataa kitu cha mwisho nilichobaki nacho.

"Mama, nimevitengeneza viti hivi kwa ajili yako," nikamwambia huku nimeuma meno. "Ulisema benchi ni gumu. Haya, sasa kimekosa nini?"

Alisogea mpaka kwenye kiti kilichokuwa karibu. Akakibonyeza kwa kiganja, taratibu, kama anavyobonyeza unga wa mahamri kuona kama umeumuka.

"Hichi kikiingia maji," akauliza kwa sauti ya chini, "chakauka siku ngapi?"

Naona aibu kuandika nilivyojibu. Nilifurahi kuulizwa. Nikamweleza kwamba sponji ile ni nene na ya daraja la kwanza, maji yakiingia yanakwenda mpaka ndani kabisa, hayatoki leo wala kesho. Nikamweleza kwamba mahameli nayo ina kasoro hiyo moja, doa likiingia huonekana kutoka mbali. Nilizungumza kwa kirefu. Nadhani nilitaja hata mshono. Yeye alinisikiliza mpaka nikamaliza, kama alivyonisikiliza tangu utotoni.

"Basi mimi nitasimama," akasema.

Nilimtazama. Nikakumbuka jinsi anavyoamka kila mara usiku, mlango wa choo ukilia. Nikakumbuka kwamba choo cha kliniki kiko uani, nyuma ya stoo, na kwamba kwenye benchi aliyeinuka alipitwa na zamu yake akaanza tena mwisho.

"Mara ile ya mwisho nilikuwa nimebakisha watu wawili," akasema, macho yake ukutani kwenye bahari yangu. "Nikaona, nikitoka nitapitwa. Nikajizuia. Nikashindwa." Akalivuta buibui lake mabegani. "Mama mmoja wa Kakuyuni aliyekaa ubavuni mwangu alinifunga leso yake moja, kwa ile ya pili akalifuta benchi. Hapana aliyejua. Mbao hufutika, mwanangu."

"Kwa nini hukunambia?"

"Nikwambieje, nawe ni mwanangu wa kiume? Nilikwambia benchi gumu."

Nilitaka kulia, na kulia ningelilia, ila palikuwa na watu na nilikuwa nimeshawaonyesha ya kutosha. Nilimwonea huruma Mama, nikamwonea huruma kwa miezi yote mitatu aliyokuwa akikata vidonge vyake kwa kisu peke yake. Na mimi jicho moja nilikuwa nimelifumba.

Nilikwenda kwa sista nikamwambia sasa niko tayari kuyasikia yale mambo machache ya kuzingatia. Hakunicheka, au alinicheka baadaye. Tulisimama uani nikauliza maswali ambayo mtu mwenye akili angeanza nayo: nani huenda chooni, mara ngapi, hupita wapi, hushika nini anapoinuka. Mwezi huo niliyatoa mabenchi stoo. Niliyapiga randa, nikayawekea migongo na mikono ya kushikilia, nikayainua kidogo ili magoti yasiteseke, nikayapaka vanishi nzito ambayo kitambaa kimoja kinatosha kuifuta. Nilitoboa mlango mdogo upande wa uani, choo kikawa hatua chache tu. Picha za nyayo zilirudi mahali pake. Sista kwa upande wake alitangaza sheria mpya kwa ile sauti yake: anayekwenda msalani aache leso au kofia yake mahali pake, zamu yake hailiwi na mtu. Viti vya mahameli viko sebuleni kwetu. Mama akija hapo hukaa kwenye kiti cha jikoni.

Jumanne ya kliniki nilimpeleka, nikakaa mbali mlangoni nikijifanya nasoma simu. Alimwamkia mzee wa shambani shikamoo, akasogeleana na yule mama wa Kakuyuni wakaanza kunong'ona. Baada ya muda akainuka. Akatandaza leso yake kwenye mbao, akaipapasa ikanyooka, akatoka kwa ule mlango mdogo pole pole bila kukimbizwa na chochote. Benchi zima lilisogea, na leso ikasogezwa pamoja nalo. Alirudi akaiinua, akaketi.

Alipotoka kwa daktari alikuwa na dawa zake zote, nzima, kwenye mfuko wa karatasi. Nikamuuliza daktari amesemaje.

"Asema figo zataka kuangaliwa, nisikose tena."

"Utakuja mwezi ujao?"

"Nitakuja," akasema, akinishika mkono tuvuke barabara. "Lakini wewe usiguse kitu."