Kipimo cha Mlingoti

Waliompa mwanamume yule jina la Mlingoti walikuwa wanamtania tu. Urefu wake ulikuwa wa kawaida kabisa. Siku ya arusi yao mkewe alivaa viatu vya visigino, wakalingana bega kwa bega, na picha ipo. Alikuwa fundi rangi. Jioni akitoka kazini, matone ya rangi yakiwa bado masikioni, alikwenda moja kwa moja kwenye kiwanja cha udongo nyuma ya ghala la saruji kuwafundisha wasichana mpira wa wavu. Klabu ilikuwa yao wawili. Yeye alifundisha, na mkewe, fundi cherehani, alishona jezi, akaziba matundu ya wavu, akapatanisha waliogombana, akazunguka nyumba kwa nyumba kuwabembeleza wazazi wawaachie binti zao waje mazoezini. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Mama Wavu.

Kabla mpira haujarushwa, Mlingoti alikuwa na desturi yake. Alivua viatu, akasimama chini ya wavu, akanyoosha mkono juu. Ncha ya kidole cha kati ikigusa utepe wa juu, wavu umekaa sawa. Isipogusa, kamba zinafunguliwa, kazi inaanza upya.

"Wenzangu Mungu aliwaumba kwa udongo," alikuwa akisema. "Mimi aliniumba kwa kipimo cha wavu wa wasichana."

"Na akili alikupimia kwa kijiko gani?" mkewe alikuwa akimjibu kutoka kwenye benchi, na wasichana wakicheka mpaka wanakaa chini.

Mlingoti aliugua kidogo tu, akafa. Wavu ukateremshwa, ukakunjwa, ukasukumwa uvunguni mwa kitanda. Wale wasichana walikuwa wanamaliza shule, kila mmoja akashika njia yake. Ulipita muda mrefu kabla Mama Wavu hajapiga moyo konde kuifufua klabu, na alipoifufua alikuwa na watoto wapya ambao hawakumjua kocha. Sasa wavu utapimwa kwa mkono wa nani?

Jibu lilikuwa ukutani kwake. Kwenye korido ya nyumba yao, juu karibu na dari, palikuwa na alama ya kiganja cha Mlingoti kwa rangi ya buluu, vidole vimetanuka. Aliiacha siku alipoipaka rangi korido ile, mkewe akiwa kazini, na alikataa katakata kuifuta. Hiyo ni sahihi ya fundi, alisema. Mama Wavu akatafuta fito iliyonyooka, akaisimamisha pale ukutani, akaikata mahali kidole cha kati kilipoishia.

Kuanzia hapo fito ndiyo ikawa kocha. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuibeba. Akishapima wavu, Mama Wavu aliishika kidogo kwenye ncha, pale ambapo kidole kingekuwa, kisha akaiegemeza kwenye nguzo. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, lakini kwenye kiwanja kile asiyekuwepo ndiye aliyekuwa na neno la mwisho.

Tatizo ni kwamba mambo yalikwenda mrama. Watoto waliruka mpaka magoti yakawauma, na mipira ikagonga wavu ikarudi miguuni mwao. Wakienda kucheza ugenini, mipira ileile ilipaa ikatoka nje ya kiwanja. Walirudi wamefungwa, wanalalamika kwamba wavu wa wenyeji ulikuwa chini.

"Wanaushusha makusudi, wapate ushindi wa bwerere," Mama Wavu aliwaambia, na alisadiki kwa moyo wake wote. Ila na watoto wenyewe hakuwaacha. "Lakini na ninyi mmelelewa kwenye pamba. Wasichana wa enzi za Mlingoti walikuwa wakiruka, jamani! Wakiruka!"

Akishafika kwenye enzi za Mlingoti, cherehani lilisimama na shughuli zote zikasimama. Ya kale ni dhahabu, na Mama Wavu alikuwa sonara. Watoto waliusikiliza wimbo huo mpaka wakauchoka, wakaanza kutoonekana mazoezini mmojammoja.

Ndipo aliporudi Sindano. Huyu alikuwa msichana wa enzi zilezile. Jina alipewa na Mlingoti kwa jinsi mpira wake ulivyopita chini chini ukachoma. Sasa alikuwa muuguzi, amehamishiwa hospitali ya karibu, akaja kusaidia kufundisha. Siku ya kwanza aliruka apige mpira, akatua akiuangalia mkono wake kama si wake.

"Mama, huu wavu umepanda."

"Wavu haujapanda. Ninyi ndio mmeshuka."

"Naomba niupime basi. Nina futi kamba kwenye mkoba."

"Futi kamba yako ibaki mkobani, mwanangu. Kipimo cha hapa kinajulikana ni cha nani."

Sindano aliitazama ile fito, akaelewa ni mkono wa nani, akaufunga mkoba wake. Angemwambia nini mjane? Lakini jioni ileile nahodha, msichana mwenye mikono mirefu ambaye ndiye aliyekuwa tegemeo lao, alileta jezi yake nyumbani. Alikuwa ameifua, ameipiga pasi.

"Unaondoka na wewe?" Mama Wavu aliuliza.

"Shikamoo, mama. Nimechoka kuambiwa siwezi."

Aliiweka jezi juu ya cherehani, akaaga kwa adabu. Waliobaki hawakutosha hata kuunda timu. Mama Wavu alijua kwamba klabu ikifa mara hii haitafufuka tena, na kwamba itakuwa imefia mikononi mwake.

Jumapili mwanawe, dereva wa lori, alipita kula chakula cha mchana. Mama akamwaga yote: watoto laini, Sindano na futi kamba yake, na kipimo cha baba ambacho kila mtu anataka kukibishia.

"Kipimo gani?" kijana aliuliza, mdomo umejaa.

"Kiganja cha baba yako. Si kile pale?"

Kijana aligeuka kuitazama ile alama ya buluu, akaanza kucheka. "Kile? Mama, siku ile baba alikuwa amesimama juu ya kopo la rangi! Mimi nilikuwa mdogo, nililishikilia. Nikaliachia nijikune pua, likayumba, akajishika ukutani mkono wote ukiwa juu. Alinitukana mpaka... Mama? Kuna nini?"

Mama Wavu alikuwa ameinuka mezani. Aliifuata fito ilipoegemezwa kwenye korido, akaibusu ncha yake, au labda aliinusa tu, mwanawe hakuona vizuri. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Kopo kubwa au dogo?"

"Kubwa. Liko stoo mpaka leo."

Miaka yote hiyo alikuwa akiwarusha watoto wa watu wamfikie mume ambaye hakuwahi kuwa mrefu vile. Alimkumbuka sana mpaka akamrefusha. Aliona haya, haya ya kweli, ile inayochoma masikio.

Kesho yake alikwenda kwanza kwa nahodha, jezi mkononi. "Hukuwa na kosa," alimwambia mlangoni, mbele ya wazazi wake. "Wavu ndio uliokuwa na kosa, na aliyeupandisha ni mimi. Nilikuwa nakusingizia, mwanangu. Nisamehe." Msichana aliipokea jezi kwa mikono miwili.

Kiwanjani alilisimamisha lile kopo kuukuu kando ya fito, akatia alama kwa chaki, akakata kwa msumeno. Kipande kikaanguka udongoni. Sindano akashusha wavu mpaka kwenye kipimo kipya, ndipo akaruhusiwa kutoa futi kamba yake. Aliisoma mara mbili.

"Ni sawasawa, mama. Alikuwa sahihi siku zote."

Mama Wavu alivua viatu, akasimama chini ya wavu palepale mumewe alipokuwa akisimama, akanyoosha mkono. Haukufika. Akanyanyua visigino, taratibu, kimo cha viatu vya arusi, na kidole chake cha kati kikagusa utepe.

Alikaa hivyo kwa muda, machozi yakimtiririka, akicheka.

"Kumbe alikuwa mfupi hivi," alisema. "Mume wangu. Nilikuwa nimesahau."

Kisha akajifuta kwa kanga, akavaa viatu, akamrushia nahodha mpira.