Mpira wa Zimamoto na Mkamwana wa Mzee Andendekisye

Mzee Andendekisye alikuwa seremala, na pia mkuu wa zimamoto wa mji wetu wa Mbeya, mwaka ule wa hamsini na nne. Msije mkadhani ni gari jekundu na king'ora. Ulikuwa mkokoteni wenye pipa la maji na bomba la kusukuma kwa mikono, basi. Matano fundi cherehani na Philbert mchoma mikate walisukuma bomba, wengine wakachota maji mtoni kwa ndoo. Mpira wa kumwagia aliushika Andendekisye peke yake, kichwani kavaa kofia ya chuma iliyosuguliwa kwa majivu hadi inaumiza macho.

Nasema peke yake, na hapo ndipo aliponiudhi. Kila Jumamosi wakifanya mazoezi penye soko, Matano akiomba japo aguse ule mdomo wa shaba wa mpira, mzee humtazama kana kwamba kaombwa mke.

"Zimamoto ina mkuu mmoja," husema.

Siku moja nikamuuliza, mimi mama Jaha muuza vitumbua, "Na ukiugua je?" Akanijibu kwamba yeye haugui. Mtu huyo alijisikia, sijapata kuona.

Jirani yangu ukuta kwa ukuta, tuliyetumia naye ua mmoja, alikuwa Sekela, mke wa mwanawe. Wanyakyusa wana heshima yao, nasi wageni wa pale tuliizoea: mkamwana na baba mkwe hawatazamani usoni, hawasemezani, wala hawapeani kitu mkono kwa mkono. Mzee akitokea njiani, Sekela hujitosa vichakani hata kama ana mtungi kichwani. Alivunja mitungi mingi kwa heshima hiyo.

Basi asubuhi moja ya kiangazi jiko la Sekela likashika moto. Jiko la nyasi, paa langu la nyasi, na upepo unakuja kwangu. Kengele ikagongwa, mkokoteni ukaja mbio mpaka mlango wa ua, mzee mbele na kofia yake. Kuingia tu akamwona Sekela katikati ya ua na ndoo. Sekela akatupa ndoo, akajifunika kanga gubigubi. Mzee naye akageuka, akampa mgongo.

Nikadhani atafanya akili. Loo, mzee akauweka mpira begani akaanza kumwaga maji kinyumenyume.

Alianza na Matano. Kisha akazoa unga wangu wa vitumbua, beseni na vyote.

"Mama Jaha," akaniambia kwa utulivu, "moto uko upande gani?"

"Kushoto. Kushoto kwako, siyo kwangu."

Akamlowesha jogoo.

Sekela akasema kutoka ndani ya kanga, "Mama Jaha, mwambie huyo mtu ashushe mpira kidogo."

Mzee alikuwa hatua chache tu kutoka kwake. "Mama Jaha, mwambie atoke uani ili nigeuke."

"Mama Jaha, mwambie mlango wameuziba wao na mkokoteni wao."

Cheche ikatua kwenye paa langu. Roho ikaniruka, adabu ikaniisha.

"Nyumba yangu inaungua, nanyi mmenifanya tarishi," nikasema. "Mzee, mwachie Sekela mpira."

Matano akaacha kusukuma. Mzee akazidi kuung'ang'ania ule mdomo wa shaba. Kumkabidhi mkononi haiwezekani. Kuuweka chini ni kuuacha, na hakuwahi kuuacha tangu zimamoto ianze. Paa langu likaanza kufuka moshi. Akainama taratibu, akaulaza mpira chini, akavua kofia akaiweka kando yake. Kisha, bila kugeuka, akaenda kumsogeza Matano, akashika bomba yeye mwenyewe.

Sekela akaivaa kofia juu ya kanga, akashika mpira kwa mikono miwili. Alilenga paa langu kwanza, halafu jiko lake. Nilimpenda mtoto yule siku ile.

Tangu hapo, kengele ikilia mzee hufika wa kwanza, huweka mpira na kofia chini, huenda kugeukia bomba lake. Kusemezana hawakusemezana kamwe. Ila Jumamosi moja sokoni, Sekela akiwa amejibanza nyuma ya kibanda changu, mzee alikuja akaangalia pembeni.

"Mama Jaha," akasema, kwa sauti kubwa kuliko ya kunitosha mimi, "mwambie mkuu wa zimamoto mpira umeanza kuvuja. Tunangoja amri yake."