Bakuli ya Buluu Yenye Nilikwangula Kitako

Siku yenye nilishika bakuli ya bankambo na kisu mu mukono, naikumbuka yote, mwanangu, hata harufu ya samaki yenye ilikuwa ku moto. Majina ya bajirani inanitoka mu kichwa, lakini ile siku haitoke. Ikala hapa karibu, kula kalanga, nikuambie. Ukitaka kucheka, cheka. Miye siku ile sikucheka.

Nilikuwa bibi mupya, nimetoka Lukafu ku mashamba, nimeolewa hapa Lubumbashi mu nyumba ya bantu ba Maniema, Baislamu. Mama mukwe wangu, Mama Zaituni, alikuwa mwanamuke mwembamba, hasemi mingi, lakini akikutazama unaanza kutafuta makosa yako weye mwenyewe. Mu sanduku yake alikuwa na bakuli moja nyeupe ya maua ya buluu, ya Uchina. Bankambo ba bwana yangu, babu zake ba zamani, baliibeba toka ku pwani, ikapita Kasongo, ikafika huku. Mutoto akigonjwa, banaandikaka maneno ya Kurani mule ndani na zafarani, banaiosha na mayi, mutoto anakunywa yale mayi. Ile dawa banaiita kombe. Ile bakuli haikuwa chombo, mwanangu. Ilikuwa muntu wa nyumba.

Bon. Mwezi ule tajiri mumoja wa ku Golf, kule ku manyumba makubwa, alikuwa anatuma bantu kutafuta sahani za zamani. Ku avenue yetu mwanamuke mumoja aliuzisha ya bankambo ba bwana yake kwa siri, akaweka ya ku soko pa nafasi yake. Bwana alipoyua, alimurudisha kwao siku ile ile, na mutoto ku mugongo. Shiye babibi bapya tulisikia ile habari, tukaogopa.

Asubuhi moja mama mukwe akaniita.

"Binti, Muzee Rajabu anafika leo toka Kasongo. Osha bakuli. Na mayi tu, umesikia?"

"Ndiyo, mama."

Masikio ilisikia. Mikono haikusikia. Kwetu Lukafu mama yangu alinifundisha: nyumba ya mwanamuke banaijulia ku kitako ya sufuria. Unasugua na majivu, unasugua na muchanga, mpaka uone uso yako mule. Sasa nikageuza ile bakuli. Eeh! Ku ile duara yenye inasimamia, hakuna kungaa. Kuna wekundu kama kutu, na punje za muchanga zimeshikamana, ngumu kama jiwe. Nikasema mu roho: Mama Zaituni, na usafi yako yote, hii uchafu haukuiona? Nikasugua. Muchanga ukakataa. Nikaleta kisu. Kra, kra, kra! Kitako ikakuwa nyeupe pee. Tena nilikuwa naimba.

Saa sita muzee akafika. Alikuwa kaka ya baba mukwe wangu marehemu, ndevu nyeupe, mucheshi kabisa. Nikaweka bukari, ugali yetu ya huku, na samaki, nikarudi nyuma ya pazia, pale bibi mupya anangojaka. Namusikia:

"Shemeji, banasema bantu ba hapa banabadilisha sahani. Yetu ingali yenyewe?"

"Ingali. Nani ataigusa?"

"Nitaona. Baba alinifundisha: usikimbilie maua, maua kila muntu anachora. Usiamini maandishi ya chini, Bachina banaandikaka jina ya mufalme wa zamani hata ku bakuli ya juzi. Geuza kwanza. Ya zamani, tanuru inaiachia alama ku kitako: wekundu ya moto, na muchanga yenye ilikalia mule mu moto. Hizi za ku soko, kitako ni safi."

"Ule muchanga naujua," mama mukwe akajibu. "Kila nikiifungia mu sanduku, naupapasaka na kidole."

Mwanangu! Kitako ni safi! Na miye njo niliisafisha!

Uoga ni fundi mubaya, lakini hakawie kazi. Nikakimbia inje, nikachota muchanga ya ku kiwanja, nikakanda na bukari ya moto, nikaibandika ku kitako kidogo kidogo, nikapuliza ikauke. Mbele ya macho naona ile mwanamuke na mutoto ku mugongo, naona kamyo ya kurudi Lukafu, naona baba yangu ananiuliza: uliiba nini kwa bantu?

"Binti! Leta bakuli!" mama mukwe akaita.

Toka ku pazia mpaka kwa muzee ni hatua sita. Ziliniwia murefu kama barabara ya Kilwa ya huku kwetu wakati wa mvua. Muzee akageuza. Akapapasa. Muchanga ikamwangukia ku kanzu. Akatazama kidole, akanusa, akalamba.

"Shemeji," akasema, "Bachina banakulaka bukari?"

Hakuna mwenye alicheka. Mama Zaituni akainama, akapitisha kidole yake mara moja, mara mbili, na uso ikamugeuka majivu.

"Bakuli ya bwana yangu iko wapi?" Sauti ya chini kabisa. "Umeipeleka Golf?"

Kitu mu roho kinaniambia: nyamaza, sema hauyui. Lakini bazee banasema muficha uchi hazai. Nikapiga magoti, nikasema yote: majivu, kisu, mpaka bukari. Nikaenda kuleta kile kisu, mikono inatetemeka.

"Hata mwizi anaweza kuonyesha kisu," muzee akasema.

Akatoka na bakuli ku mulango, ku jua, kwa sababu mule saloni giza ilikuwa mingi kwa macho yake. Akaikala. Akageuza pole pole. Miye nangali chini, magoti inauma, mama mukwe anasimama juu yangu. Sikupata kuogopa vile tena, hata siku ya kuzaa.

"Kuya hapa, mwizi ao mujinga, tutaona. Pitisha kidole juu ya maua. Unasikia buluu?"

"Hapana, baba. Ni laini."

"Kwa sababu buluu iko chini. Balichora kwanza, bakamwanga ile maji yenye inageuka kioo, njo bakaingiza mu moto. Tazama pale burashi ilisimama: buluu imezama, karibu nyeusi. Kisu yako haikufika kule. Sasa tazama bandege babili kati ya maua. Nini?"

Nikatazama. "Baba... huyu hana jicho."

"Fundi alisahau. Namuchekaka toka utoto." Akageukia mama mukwe. "Shemeji, ni yenyewe. Weye pia uoga ilikufunga macho. Huyu si mwizi, ni mujinga, na ujinga unaponaka. Lakini, binti, umefuta miaka. Shiye tutayua ni ya zamani. Mugeni hatayua tena."

Na njo vile. Kisha miaka mingi, muntu wa kujua hivi vitu alikuya, akageuza bakuli, akaona kitako nyeupe, akasema: mupya. Akaenda.

Lakini siku ile Mama Zaituni aliniinua, akanipa ufunguo ya sanduku.

"Chunga weye. Muntu mwenye alitetemeka hivi, hataivunja."

Basi, mwanangu, sikia nasaha ya mama asiyesoma. Nakuona na telefoni yako, unataka kungarisha bintu bya bankambo upige foto. Acha kwanza. Kitu ya zamani, uliza mbele ya kugusa. Yenye unaita uchafu, pengine njo umri yake. Na ukikosa, sema siku ile ile, mbele ya kubandika. Kosa yangu ya kisu ilinipatia haya. Kosa ya kuficha ilikuwa karibu inipokonye nyumba. Njia ya muongo ni fupi.

Mungu akupe mukono ya pole na ulimi ya kweli. Akupe bantu ba kukupeleka ku jua na kukutazama vizuri mbele ya kukuhukumu. Na uzeeke, mwanangu, na alama zako zote. Amina.